Spika ya msikiti, baraza, redio au grupu la WhatsApp: ukitaka kuita watu, uanze na ipi?

Mwaka jana kamati yetu ya maji iliitisha kikao, wakaja watu kumi na mmoja. Mota ya kisima ilikuwa imeungua, michango inahitajika, na nyumba zinazochota pale zinapita mia. Tangazo nililiandika mwenyewe, maana ndimi katibu. Ijumaa usiku nikaliweka kwenye grupu la WhatsApp la shehia, ngazi ya chini ya utawala hapa Zanzibar: "Kikao cha maji ni kesho saa nne asubuhi, uwanja wa skuli. Msikose." Tiki za buluu zikawaka. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi wakaja hao kumi na mmoja. Jumapili, saa nne ile ile, napita skuli kwa shughuli zangu nakuta wengine kama ishirini wamekaa chini ya mwembe wananisubiri. Kumbe kuna mtu alilituma tena tangazo langu kwenye grupu la ukoo wake Jumamosi jioni, na ile "kesho" yangu ikasogea nalo. Bi mkubwa mmoja, amekuja na mkeka wake kabisa, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Katibu, mwanangu, hiyo kesho yenu ni ya lini hasa?"

Tangu siku hiyo njia zote nne nimezijaribu, hapa Pemba na kwa ndugu zangu Unguja. Kila nikikutana na makatibu wenzangu, wa skuli, wa mwani, wa vikundi vya kuweka na kukopa, suali huwa moja: tutumie ipi? Jawabu la neno moja sina. Nina maswali ya kujiuliza kabla hujachagua.

Visiwa hivi havina uhaba wa njia za kupashana khabari. Waya wa telegrafu wa Eastern Telegraph Company ulifika Unguja mwaka 1879, umelazwa chini ya bahari kutoka Aden. Tajiri wa Shangani, mjini Unguja, akawa anapata khabari za London kabla ya za Wete, huku Pemba. Mwenye mikarafuu yake Mtambwe hakupata lolote katika waya ule. Alingoja mtu ashuke na chombo amwambie bei. Redio ilikuja miaka ya 1950, televisheni ya rangi ikaanza mapema miaka ya 1970 wakati nchi nyingi za Afrika hazijaiona, na simu ya mkononi sasa iko hadi kwenye ngalawa. Kila chombo kilichokuja kiliwasogeza baadhi ya watu mbele na wengine kikawaacha pale pale walipo. Na anayeachwa ndiye anayeuza kwa bei ya jana, anayekosa chanjo, anayekatiwa shauri bila ya kuwapo.

Vipimo vyenyewe

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. Inamfikia nani, na inamwacha nani. Ina kasi gani. Watu wanaweza kukujibu, au unasema peke yako? Baada ya wiki, inabakia kumbukumbu ya kilichosemwa? Na gharama yake, pamoja na siku inapokatika. Mimi hilo la jawabu nalipa uzito kuliko yote. Wewe huenda ukaanza na kasi, na kama una maiti ndani utakuwa na haki.

Spika ya msikiti na gari la matangazo

*Inamfikia nani.* Kila mwenye masikio aliye karibu: asiye na simu, asiyejua kusoma, mgonjwa kitandani, mama jikoni. Hapa hakuna inayoishinda. Lakini upepo una neno lake. Kwetu wakati wa kusi sauti yote inakwenda kaskazini, na nyumba za chini kule kusini zinasikia mngurumo tu, kama mtu anazungumza na kikombe mdomoni. Ikiingia kaskazi, mambo yanageuka.

*Kasi.* Mtu akifariki alfajiri, jua halijachomoza mtaa mzima unajua maziko ni saa ngapi.

*Jawabu.* Hakuna. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo, na sisi huwa tunausoma msemo huu nusu tu. Mbiu inakwambia kuna jambo. Haikwambii jambo gani wala haikuulizi una maoni gani. Inakutoa nje. Ukiitegemea ikueleze hesabu ya mota, mchango wa kila nyumba na nani atashika fedha, umeibebesha isichokiweza.

*Kumbukumbu.* Ni ya masikioni. Elfu tano iliyotangazwa adhuhuri inaweza kuwa elfu kumi na tano ikifika magharibi.

*Gharama.* Ya msikitini ni bure, na ndiyo maana inataka adabu. Imamu ana haki ya kukataa, na nimeona imamu akikataa tangazo la mchango, akasema spika ile ni ya adhana, maiti na mtoto aliyepotea. Gari la kupita na spika utalilipia, na umbali ukizidi mafuta yanapanda bei ya tangazo.

Inamfaa mwenye jambo fupi la leo leo.

Baraza na mkutano wa shehia

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo palipo na utamu na udhia.

*Inamfikia nani.* Anayekuja. Ni maneno mepesi, lakini kile kikao changu cha watu kumi na mmoja kilikuwa na kasoro nyengine ambayo sikuijua mpaka nilipoambiwa. Jumamosi ile ilikuwa bamvua. Wakati wa bamvua pwani zetu maji yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi ndiyo saa niliyoipanga. Wanawake wa mwani wote walikuwa baharini, maji ya magoti, wanafunga mbegu kwenye kamba. Hao ndio wachotaji maji wakubwa wa kijiji, na mimi niliwaita wakati hawawezi kuja. Wavuvi nao wana kalenda yao: wa taa wanatoka usiku wa giza na asubuhi wamelala, wa dago, wanaohamia kambi za uvuvi za mbali, hawapo kabisa. Msimu wa karafuu ndio usiseme. Watu wako juu ya mikarafuu hadi jioni, usiku wanachambua. Ukipanga mkutano kwa saa ya ukutani tu, umeshachagua nani asije.

Na hata wakija, si wote wanasema. Wazee wanakaa mbele, wanawake nyuma, vijana wamesimama ukutani. Baraza nyengine zina rangi ya chama: ukikaa hii, wa kule hawaji. Mimi siku hizi hufanya vikao viwili, kimoja cha wanawake pekee, na mara nyingi cha pili ndicho chenye hesabu za kweli.

*Kasi.* Ndogo. Siku tatu za kuita, saa mbili za kuzungumza, na bado mzee mmoja atarudi nyuma hadi enzi za mabomba ya zamani.

*Jawabu.* Hapa baraza inazishinda zote. Ndipo mtu anapokwambia usichotaka kusikia. Chukua khabari ya kasa. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa yenye sumu. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafa tena watu tisa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Baina ya misiba hiyo miwili ni miaka miwili na ushei. Ya kwanza ilitangazwa, ikazungumzwa, ikapita kwenye kila simu. Sasa mwambie mtu aliyeona babu na baba wanakula kasa, na yeye mwenyewe kala mara ngapi hakudhurika, kwamba huyu wa leo anaweza kuua, na kwamba kumpika hakuondoi sumu. Spika itamwambia "msile". Atasikia, halafu atajisemea moyoni: mbona sisi siku zote? Hilo "mbona" linataka pahala pa kutokea, mbele ya daktari na mbele ya mvuvi mwenziwe, lijibiwe hapo hapo. Sijaona njia nyengine inayolitoa.

*Kumbukumbu.* Iko kwenye daftari la katibu, kama katibu anaandika. Andika majina ya waliokuja na kilichoamuliwa, lisomwe kabla watu hawajanyanyuka.

*Gharama.* Muda wa watu, na kahawa. Watu wanadharau gharama ya muda. Mwanamke aliyeacha kamba zake siku moja ya bamvua kapoteza fedha. Mvua ya masika ikishuka, kikao hakuna.

Inamfaa mwenye jambo lenye ubishi, fedha za watu, au desturi inayotakiwa ibadilike.

Redio

*Inamfikia nani.* ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, inafika Unguja na Pemba, na redio za jamii kama za Micheweni, Mkoani na Tumbatu zinasema na watu wa pale kwa lafudhi ya pale. Hili la lafudhi lisidharauliwe. Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika miaka ya 1920, lakini mzee wa Tumbatu au Makunduchi akisikia mtu anasema kama yeye, anaongeza sauti ya redio. Mvuvi wa dago anayo, mama mwenye kazi za mikono anayo pembeni. Anayekosa ni yule ambaye hakuwasha saa ile.

*Kasi.* Ya kati. Tangazo la kifo linaingia siku hiyo hiyo, kipindi kinataka kupangwa.

*Jawabu.* Lipo kwa anayepiga simu studio, na wapiga simu mara nyingi ni wale wale. Ukisikiliza mwezi mmoja unawajua kwa sauti. Hata hivyo kuna jambo redio inalifanya ambalo baraza haiwezi: mwanamke asiyesema mkutanini anaweza kupiga simu bila ya kutaja jina.

*Kumbukumbu.* Kwa msikilizaji hakuna, labda kipindi kirudiwe.

*Gharama.* Matangazo ya kulipia yana bei yake, ila kamati ya kijiji ikienda na jambo la manufaa kwa redio ya jamii mara nyingi hupewa nafasi kipindini. Kuhusu kukatika, Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, waya wa baharini kutoka bara umeharibika. Simu zilikuwa zinapelekwa kuchajiwa kwa mwenye jenereta, kwa foleni na kwa fedha. Redio ndogo ya betri haina habari na foleni ile. Wapemba wakati huo tulikuwa bado na majenereta ya Wesha, tukawacheka kidogo ndugu zetu wa Unguja, Mungu atusamehe.

Inamfaa mwenye ujumbe wa kurudiwa rudiwa kwa eneo kubwa: chanjo, hali ya bahari, msimu wa karafuu.

Grupu la WhatsApp

*Inamfikia nani.* Mwenye simu ya tachi, bando na chaji, vitatu kwa pamoja. Mwenye kitochi hayumo. Lakini yumo mtu ambaye spika haiwezi kumfikia hata ipande mnara: kijana aliye Muscat, dada aliye Dar es Salaam, mjomba aliye Uingereza. Mota yetu mwishowe ilinunuliwa, na zaidi ya nusu ya fedha ilitoka kwa watu ambao hawajachota maji pale miaka kumi.

*Kasi.* Sekunde. Uongo nao unakwenda kwa sekunde hizo hizo.

*Jawabu.* Lipo hadi linakera. Watu arubaini wanajibu "amin", watatu wanagombana, mmoja anatuma picha ya maua, na suali lako la mchango limeshapanda juu halionekani. Asiyeandika vizuri anatuma voisi, na hilo ni jema. Nimepata mawazo ya maana kutoka kwa watu ambao daftarini wasingeandika mstari.

*Kumbukumbu.* Hapa kuna mtego. Ujumbe unabakia, tena unabakia sana, lakini unatoka ulipoandikiwa na kwenda kuishi kwengine. "Kesho", "leo jioni", "Jumamosi hii", yote haya ni maneno ya mdomoni. Barazani yanafaa kwa sababu msemaji na msikilizaji wako kwenye siku moja. Kwenye simu andika siku, tarehe na saa, na jina lako chini.

*Gharama.* Kwa mwenye bando ni ndogo. Siku inapokatika, inakatika kwa wote. Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, kusini mwa mwambao wetu wa Afrika, zilipata hitilafu na Tanzania nzima ikakaa na intaneti ya kusuasua. Uchaguzi wa Oktoba 2020 nao WhatsApp ilikuwa haifunguki bila ya ujanja.

Inamfaa mwenye kuchangisha, mwenye ndugu walio mbali, na kamati ndogo ya watu wanaojuana.

Nyengine, kwa ufupi

Karatasi ukutani dukani: nzuri kwa hesabu za mapato na matumizi, maana mtu anaisoma peke yake bila ya haya. Meseji ya kawaida inaingia hata kwenye kitochi. Tusisahau kwamba tangu mwaka 2008 vituo vya afya Zanzibar vilianza kupeleka idadi za wagonjwa wa malaria kwa simu ya mkononi, khabari ikitoka chini kwenda juu, na mwenye kupanga akajua pa kupeleka dawa. Kanga nayo ni tangazo, ingawa ninavyojua mimi hutangaza kwa jirani mmoja tu, na ujumbe haukosei nyumba.

Kwa hali yako

Kama jambo ni la kuokoa roho leo, mtoto hajaonekana, chombo hakijarudi, kuna sumu kwenye chakula, anza na spika na usingoje kuandika vizuri. Grupu lifuate dakika ile ile, ili waliokwenda mjini na wavuvi wenye mtandao wapate. Maelezo yatakuja baadaye.

Kama unataka watu waache walichokizoea, au wakubali kutoa fedha kila mwezi, hapana njia ya mkato. Nenda barazani, na si mara moja. Redio ya jamii itakusaidia kabla, ili watu waje wameshaanza kubishana majumbani. Nusu ya kazi inakuwa imefanyika.

Kama fedha ziko nje ya kisiwa, WhatsApp. Ila hesabu zibandikwe pia dukani, kwa sababu anayechota maji ana haki ya kuziona sawa na aliyetuma kutoka Muscat.

Shehia yako ikiwa imetawanyika, nyumba hapa na nyumba kule baina ya mabonde, spika haitoshi na grupu halijai. Huko nimeona kinachofaa ni mjumbe wa kila mtaa apite kwa miguu siku moja kabla. Inachosha, na vijana hawaipendi. Lakini mjumbe aliyepiga hodi anarudi na jawabu: nani mgonjwa, nani yuko dago, nani amekasirika na kwa nini.

Ukiwa mgeni katika shehia, mtumishi wa mradi au mwalimu mpya, usianze na yoyote kati ya hizi. Nenda kwa sheha kwanza, kaa, ukinywe kikombe chako cha kahawa. Yeye atakwambia imamu yupi ni msikivu, na baraza ipi usikae ukakosana na nusu ya kijiji.

Sisi kamati ya maji sasa tuna utaratibu wetu: tangazo linaandikwa mara moja, katibu msaidizi analisoma kwa sauti mbele ya mama mmoja wa mwani, naye akilikubali ndipo linakwenda kwenye grupu, ukutani na kwa wajumbe wa mitaa. La mwisho lilikuwa hivi:

"Kamati ya Maji. Kikao ni Jumamosi, tarehe 14, baada ya sala ya alaasiri, saa kumi, uwanja wa skuli. Maji ya bahari yatakuwa yamejaa. Mambo ni mawili: hesabu ya mota, na mlinzi wa kisima. Wanawake watakuwa na kikao chao Jumapili tarehe 15, saa kumi, nyumbani kwa mwenyekiti wao. Asiyeweza kuja amwambie mjumbe wa mtaa wake. Katibu."

Bi mkubwa wa mkeka alikuja siku zote mbili.